Mapipa Hayamwagwi

Mwalimu Bariki wa kwaya ya watoto aliyarudisha majoho kwa fimbo. Aliyashindilia kwenye kiroba, akafunga mdomo kwa kamba, akapitisha fimbo ndefu chini ya fundo, akaja nacho barabara nzima amekining'iniza mbele yake kama mtu aliyetoka kuua nyoka. Kila mwenye macho alimwona. Alipofika nyumbani kwa Klementina hakupiga hodi. Alikishusha kiroba juu ya jiwe la kufulia, akaiacha na fimbo hapo hapo, akarudi nyuma mpaka kwenye mfereji wa barabara, ndipo akakumbuka adabu.

"Shikamoo, Mama Merina."

"Marahaba. Ndiyo salamu gani hiyo ya mtu kusimama mtaroni? Sogea."

"Hapa pananitosha, mama."

Klementina alijifuta mikono kwenye kitenge. Mikono yake ilikuwa ya bluu mpaka juu ya kiwiko, na mtaa mzima ulishaizoea. Alikuwa akipaka rangi nguo tangu binti yake Merina hajazaliwa. Alikitazama kiroba, akaitazama na ile fimbo.

"Hayo si majoho yangu?"

"Ndiyo yenyewe. Mama, kuna mtoto ameungua. Tuyizere, wa Inamahoro. Shingo, makwapa, mgongo, ngozi inabanduka. Na wengine wanajikuna. Wazazi wamesema hawataki tena, na ile pesa warudishiwe." Alimeza mate. "Wanasema ni wale wadudu wenu."

"Wadudu gani?"

"Wa kwenye mapipa."

Hasira ilimpanda Klementina kwa namna ambayo hata yeye ilimshangaza. Angeweza kuvumilia kuambiwa rangi imechuja. Rangi huchuja. Lakini kuletewa kazi yake kwa fimbo!

"Rudi kawaambie," alisema, "kwamba ndani ya mapipa yangu hakuna mdudu hata mmoja. Na wewe Bariki, mwaka jana ulikuwa unakula ugali kwenye uwanja huu huu."

Bariki alikubali kwa kichwa, akaenda zake. Fimbo hakuirudia.

*

Polista ndiyo imelijaza soko la Ujiji siku hizi. Ni rahisi, haikunjamani, inang'aa kwa mbali, na mtu akiivaa mchana wa jua anachemka ndani yake. Maji yakiidondokea yanateleza yakaenda zao. Jasho nalo hailinywi, linabaki mgongoni kwa mwenyewe. Na rangi ndiyo usiseme: Klementina aliwahi kuichemsha kutwa nzima, akaitoa ikiwa na madoa kama mtu mwenye mba. Wateja wake walihama mmoja mmoja, wakaenda kununua nguo zilizokwishatiwa rangi huko zitokako.

Ndipo Merina akarudi kutoka chuo alikosomea bioteknolojia, hana kazi, ana kifurushi cha unga wa rangi ya kahawia aliopewa na mwalimu wake wa maabara. Vimeng'enya, alisema. Jamaa ya vile vinavyomeng'enya ugali tumboni, ila hivi kazi yake ni kuikwaruza polista usoni, kidogo sana, jicho halioni, mpaka nguo ikubali kunywa maji. Ikishakunywa maji, itakunywa jasho. Na rangi pia, siyo yote, lakini ya kutosha.

Mara ya kwanza Klementina alifanya kama afanyavyo mpaka rangi yeyote mwenye akili zake: aliyachemsha maji yakatokota, akaumwaga ule unga humo. Nguo ilitoka kama ilivyoingia. Merina alikaribia kulia.

"Mama, umeviua!"

"Si ulisema haviko hai? Vimekufaje?"

"Ute wa yai uko hai? Lakini ukiuchemsha, unarudi kuwa ute?"

Klementina alifikiri juu ya ute wa yai, akaona binti yake ana hoja. Tangu siku hiyo maji yakawa ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Aliyapima kwa kiwiko, kama alivyompimia Merina zamani. Pipa lilivishwa blanketi, nguo zikalala humo usiku kucha na magadi kidogo. Asubuhi zilitolewa pipani, zikamwagiwa maji ya moto ili kazi ikome, zikasuuzwa mara kadhaa, ndipo zikaingia kwenye rangi. Kulikuwa na jaribio moja Klementina alilipenda kuliko yote. Alichovya kidole, akadondoshea tone moja juu ya nguo kavu. Kwenye polista ya dukani tone lilikaa juu, limejikunyata. Kwenye yake lilitanuka, likazama. "Imekunywa!" alipiga kelele siku ile ya kwanza, na Kasongo mumewe akatoka jikoni mbio akidhani mtu kadumbukia kisimani.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa majoho ya kwaya ya watoto kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Meupe yaliingia, bluu ya ziwa yakatoka. Na siku ya kuyakabidhi Merina alisimama mbele ya wazazi akaeleza kwa fahari kwamba vimeng'enya hivyo hutengenezwa kwa kutumia ukungu, jamaa ya ule uotao kwenye mkate uliolala. Angesema vimetoka kiwandani, watu wangepiga makofi wakaenda kunywa chai. Msomi naye hajui kunyamaza. Wazazi walitazamana, na kuanzia hapo neno lilitembea lenyewe.

*

Baada ya Bariki, dharau zilikuja kwa mafungu madogo madogo. Pale bombani ndoo ya Klementina ilisogezwa kando kwa mguu, akaambiwa asubiri wengine wamalize, asije akagusa koki. Muuza chapati alimpa chapati kwenye gazeti na kumwomba pesa aiweke chini. Mtu mmoja alimkumbusha kwamba wao akina Kasongo walikuja na mtumbwi kutoka Kongo, na kwamba waliokuja kwa mtumbwi huja na mengi. Huyo mtu babu yake mwenyewe alikuja kwa mtumbwi ule ule.

Klementina alijibu kwa nguo. Alikuwa amebakiza kipande cha polista ya majoho yale. Akakishona gauni, akalivaa bila shumizi, likimgusa ngozi shingo mpaka magotini. Alilivaa sokoni. Alilivaa kanisani, benchi la mbele, na benchi lote likabaki lake peke yake. Jioni Merina alimkagua mgongo.

"Hakuna kitu, mama. Safi."

"Najua hakuna kitu. Kesho nalivaa tena."

Siku ya tatu alikuja Leodgar, mtendaji, na pikipiki yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kelele, na kelele zilikuwa nyingi.

"Mama Merina, wananchi wamelalamika. Mimi naangalia usalama. Jumamosi asubuhi tutakuja na vijana, mapipa yamwagwe, ule unga utupwe kwenye shimo la choo. Basi, yaishe."

"Umeuliza mtoto kaunguzwa na nini?"

"Si ndiyo hayo majoho."

"Nimekuuliza kama umeuliza."

"Mama, usinipe kazi ngumu."

"Kazi ngumu ninayo mimi," alisema Klementina. "Ule unga ndio huo kwenye pipa. Mwingine hatuna, na Merina mpaka auombe tena ni mwakani au hapana. Ukimwaga lile pipa umenimwaga mimi. Watu watasema miaka yote kwamba Klementina alikuwa anafuga wadudu, mpaka serikali ikaja ikawamwaga."

Leodgar alipiga pikipiki teke ikawaka. "Jumamosi," alisema.

Kasongo alikuwa ameyasikia yote akiwa nyuma ya nyumba, kwenye sufuria lake la sabuni. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mgongo uliopinda kidogo kwa kuinamia sufuria. Sabuni yake ya mawese ndiyo iliyokuwa ikifua nguo za mtaa. Jioni, Klementina akipakua dagaa, Kasongo alisema bila kuinua macho:

"Bibi yangu, mwaga tu. Watu watasahau."

Klementina aliweka upawa chini. "Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

Kasongo alimega tonge, akalirudisha sahanini. Alikula kidogo kuliko siku zote.

*

Kesho yake Klementina alikwenda kwa Inamahoro. Merina alimsihi asiende, watamtukana. "Wanitukane," alisema. "Nataka kumwona mtoto. Kama ni mimi niliyemuunguza, nijue kwa macho yangu, nitamwaga mwenyewe, simngojei Leodgar."

Alisema kwa kiburi, lakini njiani hatua zilimpungua. Kwa mara ya kwanza alijiuliza: je, kama kweli? Je, kama maji ya moto hayakutosha, kama kitu kilibaki kwenye nyuzi? Yeye si msomi. Na ngozi ya mtu mzima aliyezoea rangi si ngozi ya mtoto.

Inamahoro alikuwa uani akimwogesha Tuyizere kwenye beseni. Mtoto alisimama ameshika ukingo kwa mikono miwili, anatetemeka, machozi yanatoka bila sauti, sauti ilishamwisha. Shingo ilikuwa nyekundu, na makwapani ngozi ilibanduka vipande. Mama yake alikuwa anamsugua. Alisugua kwa nguvu zote, na povu lilikuwa jingi.

"Umekuja kutazama kazi yako?" alisema Inamahoro bila kusimama. "Tazama. Tazama vizuri."

"Inamahoro, pole. Mbona unamsugua hivyo?"

"Nisimsugue wabaki ndani? Asubuhi na jioni namsugua. Wanatoka, ndiyo maana analia. *Mana yanje*, Mungu wangu, mtoto alikuwa mzima huyu!"

Klementina alichuchumaa. Hakumgusa mtoto, aliogopa mama yake. Lakini alichukua mche wa sabuni uliokuwa juu ya tofali, kwa mazoea tu ya mke wa mpika sabuni, na kwa mazoea hayo hayo akaugusisha ncha ya ulimi.

Wapika sabuni wote hufanya hivyo. Sabuni hupikwa kwa mafuta na kostiki, na kostiki ni kitu kikali, hula hata sufuria. Ikishapikwa hukatwa, ikapangwa kichanjani ikalala wiki nyingi mpaka ukali umalizike ndani yake. Kujua kama imelala vya kutosha, unaigusa kwa ulimi. Iliyoiva haina neno. Iliyo mbichi inakuuma.

Ile ilimuuma mpaka machozi yakamtoka. Alitema, akatema tena, akasukutua kwa maji ya mtungi wa Inamahoro bila kuomba. Kisha akaugeuza ule mche. Pembeni, kwenye ncha, palikuwa na alama ya kidole gumba kilichobonyezwa sabuni ikiwa laini. Kasongo huweka gumba lake kwenye kila mche. Ndiyo chapa yake.

"Hii umeipata wapi?"

"Mumeo, nani mwingine? Siku ya majoho alitungoja pale njiapanda. Akasema fueni majoho kwanza na hii, ni kali, inaua kila kitu, ndipo mtoto avae. Alitupa wote. Hata pesa hakutaka. Mume wako ana roho, wewe ndiye huna."

Klementina aliitazama tena ile alama ya gumba. Aliukaza mkono kwenye ule mche.

"Mtoe kwenye hilo povu. Sasa hivi. Mwagie maji matupu, mengi. Mpeleke zahanati leo leo wampe dawa ya kupaka. Na sabuni hii usimguse nayo tena."

"Unataka kuninyang'anya sabuni ili wadudu wako wabaki!"

"Ndiyo, nimekunyang'anya." Aliutia mche kwenye kitenge, akafunga fundo. "Majoho unasema uliyafua na hii. Uliyasuuza?"

"Alisema yasisuuzwe sana, dawa isitoke."

Klementina alisimama. Alitaka kusema, maneno yalikuwa hapo mdomoni, na ulimi ulikuwa bado unawaka. Aliyameza. Alichota mwenyewe ndoo kutoka kwenye pipa la mvua akammwagia mtoto mgongoni taratibu, na nyingine, na nyingine, huku Inamahoro akimtukana kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Tuyizere alifumba macho. Kwenye ndoo ya nne aliacha kutetemeka.

*

Kasongo alikuwa anakoroga. Mawese mapya yalikuwa yameletwa kutoka Ilagala, yamekaa kwenye madumu mekundu, na harufu yake ilikuwa imejaa uani. Klementina alifungua fundo la kitenge, akaweka mche mbele yake juu ya kichanja.

"Onja."

Kasongo aliutazama mche, akatazama gumba lake. Mwiko ulisimama.

"Onja, Baba Merina. Si kazi yako?"

"Bibi yangu..."

"Mimi nimeonja. Ulimi wangu umechubuka. Inamahoro anamsugua nayo mtoto asubuhi na jioni."

Kasongo alikaa kitako juu ya dumu kama mtu aliyepigwa. Kisha maneno yakatoka kwa mafungu: yeye aliogopa. Merina aliposema ukungu, naye aliogopa kama wao. Hakuthubutu kuuliza, angeonekana mjinga mbele ya mtoto wake mwenyewe. Akafikiri, nikiwapa sabuni kali, kama kuna kitu kitakufa, na mke wangu atabaki na jina zuri. Kichanjani hapakuwa na iliyolala. Alichukua ya juzi.

"Miye nilitaka kukusaidia," alisema.

"Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje? Ulikuwa na furaha."

Hilo lilimchoma kuliko sabuni. Merina alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, itabidi useme. Keshokutwa wanakuja kumwaga."

"Nikisema, nani atanunua sabuni yangu tena?" Kasongo aliinua mikono yake mikubwa yenye makovu ya kostiki. "Sabuni hii ndiyo imekusomesha wewe. Imejenga nyumba hii. Mapipa ya mama yako ni ya juzi tu. Yamwagwe, tule sabuni kama siku zote. Si ni sisi wote humu ndani? Linalotoka huku linaingia huku."

"Mimi ndiye ninayesogezewa ndoo kwa mguu," alisema Klementina. "Siyo sisi wote."

"Mama, mimi nitawaambia," alisema Merina. "Nitawaambia wote, tena na mche ule mkononi."

"Hutasema kitu. Ni baba yako." Klementina alimgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa imetulia, jambo ambalo Kasongo aliliogopa zaidi. "Nisikilize. Sitakutaja. Sikuolewa na wewe nije nikuanike barabarani. Lakini mapipa simwagi. Nitakaa juu yake. Wakitaka kuyamwaga watanimwaga pamoja nayo, na wewe utakuwa umesimama hapo unatazama, na utajua ni kwa nini. Basi."

Alikwenda kulifunga pipa blanketi. Ndani yake kulikuwa na vitenge vya mama mmoja wa Kibirizi, mteja pekee aliyebaki.

*

Jumamosi walikuja wengi. Leodgar alikuwa mbele na vijana wawili wenye makoleo, sijui makoleo ya nini kwenye maji. Nyuma yao mtaa mzima: wazazi wa kwaya, Mwalimu Bariki, muuza chapati, na wale ambao huja popote penye watu. Walipoingia uwanjani walimkuta Klementina amekaa juu ya mfuniko wa pipa kubwa, amevaa gauni lake la polista ya bluu, mikono ameikunja kifuani. Merina alisimama kando, ameuma mdomo. Kasongo alikuwa ameegemea nguzo ya jiko, mbali.

"Mama Merina, teremka," alisema Leodgar.

"Siteremki."

"Tusifikishane pabaya."

"Tumeshafika. Mmekuja na makoleo nyumbani kwangu." Alinyosha mkono wake, akavuta ngozi ya shingo mbele ya watu wote. "Nguo hii ni ile ile ya majoho, pipa hili hili, rangi hii hii. Nimeivaa juma zima, inanigusa hapa na hapa na hapa. Nani anaona kidonda? Njooni mtazame. Mbona hamji? Juma zima mlikuwa mnanitazama kwa mbali."

"Ngozi yako imezoea!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Basi mwulizeni aliyetengeneza ngozi. Mimi nasema sijamwunguza mtoto. Sitaomba msamaha, na sitamwaga. Leodgar, kama unataka kuniinua, niinue. Nina kilo zangu."

Watu wachache walicheka. Vijana wa makoleo walimtazama Leodgar. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika mama mtu mzima kiuno. Leodgar alijikuna kidevu, akageuka kumtafuta Kasongo.

"Mzee Kasongo. Wewe ndiye mwenye nyumba. Mwambie mkeo ateremke, tuyamalize kistaarabu."

Klementina hakugeuza kichwa. Alitazama mbele, kule ziwa lilipoonekana kidogo kati ya mapaa, na alijikaza asigeuke. Alikuwa ameahidi kutomtaja.

Kasongo aliachia nguzo. Alitembea mpaka katikati ya watu. Mkononi alikuwa na ule mche, na aliuinua wote walione gumba lake.

"Hii ni ya nani?"

"Yako," walisema kadhaa. Nani asiyeijua.

Aliuweka ulimini. Hakugusisha ncha kama wafanyavyo wapika sabuni. Aliulaza ulimi wote na kuuacha hapo, na uso wake ukakunjamana, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakamshuka. Merina alipiga hatua, Klementina akamzuia kwa mkono. Kasongo alipoutoa alitema kitu chenye damu.

"Mbichi," alisema, na neno lilitoka vibaya kwa ulimi uliovimba. "Nimewapa sabuni mbichi. Miye. Nikawaambia msisuuze. Niliogopa unga wa binti yangu, sikuuliza. Aliyemuunguza mtoto ni miye. Mke wangu alijua tangu juzi, na hakunitaja."

Manung'uniko yaliinuka, kisha yakakatika, kwa sababu Inamahoro alikuwa anapita katikati ya watu. Alikuwa amembeba Tuyizere mgongoni, shingo ya mtoto imepakwa dawa nyeupe ya zahanati. Hakusimama kwa Kasongo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pipa, akasimama mbele ya Klementina.

"Tangu uninyang'anye," alisema, "amelala. Usiku wa kwanza nilisema bahati. Wa pili nikajua." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Asubuhi na jioni nilimsugua. Analia, mimi namwambia nyamaza, ndio wanatoka. Mimi mama yake. Yeye anasema mama inawaka, mimi naongeza."

Klementina aliteremka kwenye pipa, kwa hiari yake, akamshika mabega, na wakasimama hivyo wote wawili na mtoto kati yao. Wanawake wengine walianza kutazama mikono yao wenyewe, na mmoja akaondoka haraka kuelekea nyumbani kwake.

Leodgar alikohoa. Alikuwa mtu wa kutafuta katikati ya kila jambo. "Sasa, mimi naona... kwa usalama wa wote... sabuni isimame, na mapipa nayo yamwagwe tu, tuanze upya tukipata wataalamu—"

"Sabuni mbichi itafukiwa leo," alisema Klementina. "Atafukia mwenyewe, na mtoto huyu dawa zake tunalipa sisi mpaka apone. Hayo hunihitaji kuniambia. Mapipa hayamwagwi."

"Lakini hatujui kilichomo!"

"Basi jua. Mfuniko huo hapo."

Leodgar alitazama mfuniko. Vijana wakatazama makoleo. Ni Inamahoro aliyeushika. Alimshusha Tuyizere, akalifungua blanketi, akaondoa mfuniko, akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani. Watu walirudi nyuma wakakanyagana. Alizamisha mkono wote mpaka juu ya kiwiko, kati ya vitenge, akakaa nao humo, uso umekakamaa, akingoja kuumwa.

Alingoja. Taratibu uso ukalegea.

"Vuguvugu," alisema. Aligeuka kuwatazama wenzake, na sauti yake ilikuwa ya hasira sasa, hasira ya kweli, na haikuwa kwa Klementina. "Ni vuguvugu tu! Kama maji ya kumwogeshea mtoto."

Tuyizere alijinyosha kwa vidole vya miguu, naye akatia mkono kabla mtu hajamzuia.

Leodgar alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mwingine aseme. Kisha aliwaambia vijana warudishe makoleo ofisini, na pikipiki aliisukuma, hakuiwasha mpaka alipofika barabarani. Kasongo alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, na punde wakasikia anachimba. Wengine walianza kuondoka bila kuaga. Klementina aliwaacha waende, hakuwa na neno jema la kuwapa siku hiyo na hakulitafuta.

Kile kiroba kilikuwa bado juu ya jiwe la kufulia, mahali kilipoachwa. Inamahoro alikifungua kwa mikono yake, akalitafuta joho la Tuyizere kati ya mengine, lenye mabaka sabuni ilipolila rangi.

"Linarudika?"

"Yote yanarudika. Tutayasuuza mpaka tuchoke, yarudi humu, asubuhi rangi." Klementina aliinama, akaokota kitu pembeni ya jiwe, akainua sauti mpaka barabarani, ambako mtu mmoja alikuwa anaondoka kimya kimya akifuata ukuta.

"Mwalimu Bariki! Umesahau fimbo yako."

Bariki alisimama.

"Njoo uichukue hapa karibu," alisema Klementina. "Nina pipa la kukoroga."